Mabati ya Ghala la Mkonge

Ukumbi wa kijiji chetu, nje kidogo ya Muheza, ulianza kama ghala la mkonge. Shamba lilipofungwa, watu walibeba milango, kisha mbao. Siku ya mabati, wanaume watatu walipanda juu na nyundo. Mmoja alikuwa mume wangu, Lucas. Jiko letu lilikuwa la makuti na lilivuja.

Nesi Bibiana alikuwa amekuja kupima watoto. Aliingia ghalani, akafunga mizani yake kwenye boriti, akamtundika mtoto wa mtu, kisha akaita juu, "Haya, kaka zangu, ng'oeni!"

Nani ang'oe bati juu ya kichwa cha mtoto? Wakashuka.

Lucas alinisimulia jioni ile akicheka. Sikuona cha kuchekesha. Tangu siku hiyo akawa fundi wa ghala. Alilipiga chokaa, akalitengenezea madirisha na mabenchi. Jumatano lilikuwa kliniki, Jumapili Walutheri tulisali humo, alasiri za katikati ya wiki watoto wa madrasa walisoma. Tulipigia kura humo, tukaozesha humo. Jiko langu likabaki la makuti miaka kumi na mmoja.

"Bibiana anataka rafu ya dawa," alikuwa akisema, na randa tayari iko mkononi.

Sikuwahi kuwafumania kwa lolote. Labda hakukuwa na lolote. Lakini jina lile alilitamka taratibu, na langu alikuwa akiliita kutoka uani.

Mwaka jana Lucas alifariki. Mwaka huu serikali ya kijiji ikakarabati ukumbi, ikataka kuupa jina. Mwenyekiti Shaib aliniita kikaoni.

"Mama Asheri, wa zama zile hapa kijijini umebaki wewe. Nani alizuia mabati yasing'olewe?"

"Mie nilisikia ni yule nesi," akadakia Semeni, muuza machungwa.

"Ni marehemu mume wangu," nikasema.

"Kwani nesi alifanya nini?"

"Alipima watoto."

"Kupima tu?"

"Kupima tu."

Semeni akaguna. "Haya, mwenye mume kasema."

Wakaandika kwa rangi ya buluu: UKUMBI WA LUCAS.

Siku ya ufunguzi Bibiana alikuja, amestaafu, anatembelea fimbo. Alisimama mbele ya ule ukuta akasoma. Nilingoja aseme. Nilikuwa na majibu tayari.

"Wamemkumbuka," alisema. "Vizuri sana. Aliupenda mno ukumbi huu."

Hata hilo lilinichoma. Nani alimwambia alichokipenda mume wangu?

"Pole, dada," akaendelea. "Msiba ulinipita, nilikuwa nimelazwa. Nipeleke kaburini nimwombee."

Kaburi liko nyuma ya michungwa, hatua mia mbili hivi.

"Njia imejaa maji," nikamwambia.

Mvua ilikuwa haijanyesha wiki ya tano. Bibiana akaangalia viatu vyake, vyeupe kwa vumbi, kisha akaniangalia mimi.

"Basi, dada," akasema. "Nitamwombea kwetu."