Injini Iliyofia Njia ya Sokoni

Shangazi yangu ni mwalimu wa udereva. Mtaa mzima unamwita Bi Taratibu, kwa sababu hilo ndilo neno lake la kwanza mwanafunzi akishika usukani, la pili mwanafunzi akianza kutokwa jasho, na la mwisho mwanafunzi akikumbatia ukuta. Wanafunzi wake wanaamini hajui hata pedali ya mafuta inaishia wapi. Hawajui kwamba kila Jumamosi alikuwa akilitoa gari lake jekundu la milango miwili, akalipeleka uwanja wa mbio za magari na kulizungusha mpaka matairi yakaomba msamaha.

Jumamosi iliyopita aliyeomba msamaha ni injini. Katika ile kona ndefu, ambayo ukiingia unadhani hutatoka, oili ilikimbilia upande mmoja, pampu ikanyonya hewa, chuma kikaanza kugonga chuma. Ko, ko, ko, kama mgeni anayejua kabisa kuwa mpo ndani.

Gari lilikuwa jipya, waranti ya kampuni ya kulitengeneza bure bado hai. Ila waranti ilisema wazi: ukilipeleka uwanja wa mbio, shauri yako. Na injini mpya ilikuwa na bei ya kuuza shule yote ya udereva, pamoja na wanafunzi.

"Tutasema lilianza kugonga nikienda sokoni," Shangazi akaniambia.

"Soko gani hilo, Shangazi, lenye kona za kuunguza matairi?"

"Mtoto wa kaka yangu, nimekuita usugue. Sijakuita uhoji."

Nikasugua. Tukarudisha matairi ya kawaida, kisha nikalala chini ya madigadi na kisu cha kupakia siagi, nikabandua vipande vya mpira vilivyoganda kama ukoko wa wali. Baadaye nikamfundisha mwalimu namna ya kuwa mtu wa polepole. Nikamvika sweta lenye vifungo vikubwa. Nikamwambia aite gari "kigari". Nikamwambia akiulizwa swali lolote, aheme kidogo kwanza.

"Na ukinikasirisha niheme pia?"

"Hapo ndipo uheme zaidi."

Gereji ya kampuni ilikuwa safi hata ukadhani mafundi wanavua viatu mlangoni. Chumba cha wateja kilitenganishwa na gereji kwa ukuta wa kioo, na ukutani palikuwa na picha kubwa ya gari kama lile la Shangazi likipita kona ubavu ubavu, moshi umetanda nyuma.

"Shangazi," nikamnong'oneza, "hata hawa wamekwenda sokoni."

Akanikanyaga mguu.

Mara akatokea ofisa wa huduma, kijana wa tai nyembamba, uso umejaa tabasamu. "Mwalimu! Hunikumbuki?"

"Nitamsahau vipi mtu aliyeegesha gari langu ndani ya kibanda cha magazeti?"

Kumbe huyu bwana alikuwa mwanafunzi wake. Mtihani wa leseni aliurudia mpaka wasimamizi wakawa wanamuulizia hali ya nyumbani. Nikajua tuna bahati: mtu wa namna hii hawezi kuwaza kwamba Bi Taratibu ana mguu mzito.

Na kweli hakuwaza; hadithi yetu ya sokoni aliiandika neno kwa neno. Mafundi walikuwa wameshaipima injini, wakachomeka kompyuta yao, wakakuta mshale wa mizunguko ya injini haujawahi kugusa alama nyekundu hata siku moja. Shangazi akatabasamu kidogo, kisha akakumbuka kuhema.

"Gari lako, mwalimu, halijateswa," Ofisa akasema. "Lina vyuma dhaifu tu. Kampuni itakupa injini nyingine."

Nilitaka kuruka. Shangazi akanishika mkono chini ya meza, akaubana kwa furaha mpaka vidole vikafa ganzi.

"Ila kuna jambo dogo," Ofisa akaendelea, akavuta kiti karibu. "Lazima nikupe maelekezo ya kutumia gari. Unajua, mwalimu, hili si la kujifunzia. Ukiendesha polepole mno kwenye gia kubwa, unaiumiza injini. Gia haikorogwi kama uji."

Nikamtazama Shangazi. Alikuwa anahema.

"Na mguu uondoke kwenye klachi. Watu wazima wana tabia ya kuuegemeza pale kama kwenye kigoda."

Akahema tena. Puani sasa palitoka mluzi. Nikamwekea mkono begani, kama mtu anayefunika sufuria inayotaka kufurika. Nikamwomba Mungu aipitishe dakika ile. Injini tuliyokwisha kuipata ilikuwa inaning'inia kwenye uvumilivu wa mwanamke asiye nao.

"Mwisho ni kona," Ofisa akasema, akainua kidole kama yeye alivyoinuliwa kidole zamani. "Usishike breki ndani ya kona, mwalimu. Naona ni kosa lako la kawaida. Ndani ya kona breki ni uoga."

"Uoga?"

"Shangazi," nikasema.

"Uoga! Mimi? Breki naianza kwenye kibao cha mita sabini kabla ya kona, naingia nayo, naiachia kidogokidogo mpaka pua ya gari iangalie ndani, ndipo nakanyaga mafuta yote! Waulize wote waliokuwa nyuma yangu Jumamosi! Wako nyuma mpaka leo!"

Nyuma ya kioo, fundi mmoja akashusha spana.

"Mwalimu," Ofisa akauliza polepole, "njia ya sokoni ina vibao vya mita?"

Nikajitosa. "Anasimulia ya kwenye runinga! Anapenda sana mbio za kwenye runinga, anajisahau."

Ofisa akayashika maneno yangu kama mtu anayezama anavyoshika kamba. Nilimwonea huruma, alitaka kumsaidia mwalimu wake. "Ni ya kwenye runinga, mwalimu? Ukisema ndiyo, yamekwisha. Nayaandika hivyo."

Neno moja tu, ndiyo, na injini yetu. Shangazi akatazama kule nyuma ya kioo, gari lake likiwa limeinuliwa juu, tumbo wazi. Akafungua vifungo vya sweta, kimoja kimoja.

"Runinga haina mguu," akasema. "Ile kona ni yangu. Injini nitainunua, hata kwa kufundisha mbuzi kuegesha."

"Shangazi!"

"Nyamaza. Mtu huyu ana leseni yenye mkono wangu, halafu anatembea mjini akisema breki ndani ya kona ni uoga. Sogeza kikombe hicho."

Akachukua stepla ya Ofisa, akaiweka mezani. Stepla ikawa gari, kikombe cha chai kikawa ukingo wa ndani. Mafundi wakaanza kuingia mmoja mmoja wakifuta mikono, na yule wa spana akauliza oili ifanyweje isikimbie kwenye kona ndefu. Shangazi akamwambia asubiri, somo la kwanza ni breki. Mimi nikaketi kwenye kiti cha wateja, nikimwombolezea marehemu injini peke yangu.

"Haya," Shangazi akamgeukia Ofisa. "Wewe breki utaianzia wapi?"

"Mita sabini, mwalimu?"

"Sabini ni yangu. Wewe anzia nyumbani."