Ndoo ya Mgeni

Masasi hapakuwa na pa kula. Nasema hivyo na sibishani na mtu. Hoteli zilikuwa nyingi, mwaka ule zilikaribia kuwazidi wateja, lakini pa kula hapakuwapo, na mimi nilikuwa nimekwisha kumwahidi Bwana Erasto kwamba nitamlisha vizuri.

Bwana Erasto alikuwa mnunuzi wa kampuni moja ya Dar es Salaam. Ulikuwa msimu wa pili tangu watu binafsi waruhusiwe kununua korosho. Kabla ya hapo zilinunuliwa na chama cha ushirika peke yake, na mimi nilikuwa mpimaji wa chama pale Kitangari kwa miaka kumi na sita. Ruhusa ilipotoka, kampuni zikaja na magari na fedha taslimu, chama kikabaki na mizani yenye kutu, na mimi nikabaki na darasa langu la nne. Sasa Erasto alikuwa anatafuta wakala wa kumkusanyia korosho Kitangari. Waliotaka kazi hiyo tulikuwa wawili: mimi, na Mrisho wa Newala.

"Mzee Nikolao," Erasto aliniambia siku tulipokutana Masasi, "barua zenu za maombi nimezisoma. Zote mbili zimeandikwa na mtu mmoja."

Ilikuwa kweli; mimi na Mrisho tulimlipa mwandishi mmoja.

"Kwa hiyo barua tuziache. Tembea na mimi siku mbili. Nioneshe wakulima, na nioneshe pa kula. Tangu nifike kusini huku tumbo langu limenichukia."

"Kula niachie mimi," nikamwambia. "Kati ya hapa na Kitangari hakuna sufuria nisiyoijua."

"Hoteli nzuri unaijuaje?"

"Kwa maji ya kunawa. Usitazame bango wala kitambaa cha meza. Tazama wanakunawisha vipi. Anayekunawisha vizuri hawezi kukulisha vibaya."

Akacheka, akasema nina akili. Maneno yale nayakumbuka kuliko ninavyotaka.

Tulianzia hoteli ya karibu na stendi. Ilikuwa na bango lenye vyakula kumi na vinne, na vingine naamini hata aliyeandika bango hajawahi kuvionja.

"Kuna nini, dada?" nikamuuliza msichana wa pale.

"Kila kitu. Si mmesoma?"

"Lete pilau mbili."

"Pilau imekwisha."

"Saa sita hii imekwisha?"

"Iliisha jana."

"Kuku je?"

"Kuku yupo." Akageuka akachungulia uani. "Labda msubiri akamatwe."

"Sasa kilichopo hasa ni kipi?" Erasto akauliza.

"Chai. Na maandazi mawili."

Pilau ya jana nilikuja kuiona mwenyewe. Punje zake zilikuwa zinaelea kwenye beseni la kunawia, lililotumiwa na kila aliyetutangulia tangu asubuhi. Nikamshika Erasto mkono tukatoka.

Ya pili ilikuwa na maua ya plastiki, jenereta na video. Watu walijaa kutazama watu wakipigana mateke, na hapakuwa na mmoja aliyekuwa anakula. Nilipoonja mchuzi nikajua sababu. Ukutani kulikuwa na sinki jipya jeupe. Nilifungua bomba, nikasubiri, nikainama kutazama chini. Halikuunganishwa na chochote. Lilikaa pale kama picha ya harusi. Mwenye hoteli akaniambia kwa fahari kwamba lilinunuliwa Dar es Salaam. Nikamwambia angelinunulia na maji hukohuko.

Ndiyo biashara ya mwaka ule. Mtu hajui kuchemsha mchele, ananunua kwanza sinki.

Usiku ule mnunuzi wa kampuni alilala gesti kwa soda na biskuti.

"Mzee, kesho," akaniambia.

"Kesho utakula kwa Mama Theodora, Kitangari. Utanawa kwa ndoo nzima, maji safi, mbele ya macho yako."

Nilikuwa nimekwisha kutuma ujumbe kwa kondakta wa basi: Mama Theodora apike, na Mzee Cuthbert, kaka yake, awakusanye wakulima wamwone mnunuzi. Cuthbert ndiye wakulima waliyemsikiliza, na alikuwa ameniahidi kwamba gunia zao zitapita mikononi mwangu. Nikipata gunia zile nimepata kazi. Mke wangu alikwisha kuwaambia wanakwaya wenzake, na mimi sikumkataza.

Asubuhi tukapanda mpaka Newala kwa gari la Erasto. Mrisho alikuwa na hoteli kando ya soko. Ameipaka rangi ya waridi, ameweka friji ya mafuta ya taa, na anauza chipsi, kitu ambacho wakati ule watu walikila ili waonekane wakikila. Alitusimamisha akiwa mlangoni, akaniita kwa jina la mwanangu.

"Baba Veridiana! Unampitishaje mgeni bila kuonja? Chipsi za moto, soda ya baridi!"

"Viazi vyako vinaogelea kwenye mafuta ya Pasaka, Mrisho. Na sasa tunakaribia Krismasi."

"Haya, mpeleke akale majani. Bwana mkubwa, kwenye gari mna dawa ya tumbo?"

Erasto alicheka. Niliona pia kwamba aliitazama ile friji kwa muda mrefu. Nikamwambia twende.

Huku juu hakuna mto. Maji yako bondeni, na mwaka ule mabomba yalikuwa makavu tangu Julai. Mwanamke anaondoka jogoo wa kwanza, anateremka, anangoja zamu kisimani, anapanda mlima na ndoo moja kichwani, anafika nyumbani jua limekwisha kuwa kali. Ndoo moja, asubuhi nzima. Na kwetu mgeni wa heshima anawekewa ndoo iliyojaa mbele yake. Anachota kikombe kimoja, ananawa mikono, anashukuru, na ndoo inarudi ndani ikiwa bado imejaa. Kumpa yote ni heshima ya mwenyeji, na kuchota kidogo ni heshima ya mgeni. Sijawahi kumwona mtu akifundishwa jambo hilo. Mtoto wa miaka minne analijua. Kwa hiyo sikumwambia Erasto. Haikunijia kabisa akilini kwamba mtu mzima anahitaji kuelezwa namna ya kunawa.

Mama Theodora hana bango. Ana mikeka, vigoda na jiko la mafiga matatu, na hakupikii kama hukumpa taarifa tangu jana yake. Tulipofika, harufu ilikuwa imekwisha kutoka mpaka barabarani: jogoo, kisamvu kilichoungwa kwa korosho za kutwanga, na ming'oko, ile mizizi ya porini, iliyochemshwa ikatoka laini. Mchele ulikuwa umechaguliwa, uko kwenye ungo, unasubiri. Wakulima tisa walikaa barazani na kofia zao magotini.

"Shikamoo, Mama Theodora," nikasema.

"Marahaba, Baba Veridiana. Mgeni ndiye huyu?"

"Mambo, mama," akasema Erasto.

Mama Theodora alinitazama kwanza mimi. "Salama, baba. Karibu," akasema, akaingia ndani.

Akaleta ndoo mwenyewe. Imejaa mpaka ukingoni, imefunikwa sahani, juu ya sahani kikombe cha bati. Akaiweka juu ya kigoda mbele ya Erasto, akapiga goti kidogo, akarudi jikoni.

"Mzee, hukudanganya!" Erasto akafurahi. "Ndoo nzima!"

Akakunja mikono ya shati. Akachota kikombe kimoja, akanawa. Nikatabasamu. Akachota cha pili, akanawa uso. Wazee wakatazamana. Akachota cha tatu na cha nne akajimwagia kichwani na shingoni, akihema kwa raha. Halafu akavua viatu, akaosha miguu mpaka vumbi jekundu lote likatoka. Ndoo ikawa nusu. Akaiinua, akaenda nayo kwenye gari, akaimwaga yote kwenye kioo cha mbele. Maji yakateremka kwenye boneti, yakafika mchangani, mchanga ukayameza. Kuku wawili wakaja mbio, wakakuta unyevu tu.

Barazani wazee wakageuza kofia magotini.

"Kioo bado," akasema Erasto, akaninyooshea ndoo tupu. "Hebu nipatie nyingine, mzee."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Maneno yenyewe hayakuwa mengi: bwana, maji hayo yamepanda mlima kichwani mwa mwanamke. Nilikuwa nayo mdomoni. Lakini nilimtazama Erasto, nikaiona kazi, nikaona kwamba mtu anayetaka kazi hamkosoi bosi mbele ya watu. Nikaipokea ndoo. Nikaenda nayo jikoni, mimi Nikolao, niliyezaliwa Kitangari, niliyelelewa kwa maji hayohayo.

Mama Theodora alikuwa amesimama kando ya ndoo ya pili. Nyingine haikuwapo.

"Baba Veridiana, hii ndiyo ya wali," akasema polepole.

"Nitakurudishia, mama."

"Utakwenda bondeni wewe?"

Nikaichukua.

Erasto akaimwaga kwenye kioo, akafuta kwa kitambaa, akarudi nyuma kuangalia. Kweli, kilikuwa safi. Akaja akakaa mkekani, akasugua mikono. "Haya, chakula!"

Mama Theodora akatoka na chungu cha jogoo. Akatupita. Akaenda barazani, akawapakulia wakulima wote tisa, finyango kwa finyango, na kisamvu juu yake. Walikula wamesimama, na hakuna aliyenawa, maana hapakuwa na cha kunawia.

"Na sisi, mama?" Erasto akauliza.

"Nyie wali wenu haujaiva."

"Utaiva saa ngapi?"

"Maji yakipatikana."

Mzee Cuthbert alifuta vidole kwenye jani, akavaa kofia yake. "Baba Veridiana, ulituita kuja kumwona mnunuzi," akasema. "Tumemwona. Na wewe tumekuona." Wakaondoka mmoja mmoja, kila mtu njia ya kwake, na gunia zangu zikaondoka nao.

Ndani ya gari, Erasto aliendesha kilomita kadhaa. Kisha akauliza wale wazee wamekasirishwa na nini. Nikamweleza yote, bonde, kisima, zamu, mlima, kikombe kimoja.

Akasimamisha gari. "Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua."

"Ningejuaje? Na ile ndoo ya pili? Ile si umeniletea mwenyewe!"

Nimemdharau Erasto mara nyingi tangu siku ile, kwa salamu yake, kwa viatu vyake, kwa kioo chake. Lakini swali lile sijapata la kulijibu mpaka leo.

Newala tulisimama kwa Mrisho. Mrisho alitoka na birika na beseni dogo, akamnawisha Erasto kwa maji membamba kama uzi. "Unisamehe, bwana mkubwa," akasema, "huku kwetu maji ni shida, wanawake wanayafuata mbali." Dakika moja ilimtosha kuyasema, tena huku anatabasamu. Erasto akanitazama. Nikatazama barabarani.

Chipsi zilikuwa laini kama sabuni iliyoachwa kwenye maji, na zilinuka samaki waliokaangwa kabla yake. Erasto alikula sahani mbili, akashushia soda ya baridi, akacheua. Kabla hajasimama, Mrisho alikuwa wakala wa Kitangari.

Na wale wakulima wenye hasira? Wiki ya tatu walimpelekea Mrisho gunia zao zote, Mzee Cuthbert mbele. Kampuni ileile, gari lilelile, kioo kilekile. Mrisho alilipa taslimu, heshima ya maji ikawekwa kando kidogo mpaka msimu uishe. Niliwacheka, lakini nikiwa peke yangu nyumbani.

Basi ilichonigharimu siku ile ni hiki. Kazi moja, msimu ule na misimu mitatu iliyofuata, mpaka kampuni ikafunga na kuondoka. Jogoo mmoja, ambaye sikuonja hata bawa. Ndoo mbili za maji: nilizirudisha mwenyewe, asubuhi mbili, nikipanda mlima na ndoo kichwani huku wanawake wakiniuliza kama Mama Veridiana amefariki. Mama Theodora alizipokea zote mbili, akasema ahsante.

Na pa kula pia, kwa namna yake. Nikipita kwake ananiitikia salamu, ananipa kigoda, sahani inakuja na chakula ni kilekile kitamu. Lakini maji ananiletea kwenye kikombe, kimoja, kimepimwa. Ndoo sijawekewa tena.