Mapau ya Kuhesabiwa

Tangu saa mbili asubuhi fundi alikuwa juu ya bati, amepigia magoti kipande cha godoro asiungue, akigonga kwa mpini wa nyundo na kusikiliza. Ko ko, ni mbao. Ngoo, ni hewa. Mafundi wenzake, wote wanaume isipokuwa yeye, walimwita Sikio. Zamani kwa kejeli, siku hizi wakiwa na shida.

Kazi ilikuwa kufunga paneli nane za sola juu ya wodi ya wazazi. Paneli hazishikwi na bati. Zinashikwa na mapau, zile mbao nene zinazopanda kutoka ukutani hadi kileleni. Alikuwa amezihesabu ncha zake zilizochomoza chini ya ukingo wa paa: kumi na moja, zimejipanga sawasawa. Kutoka kila ncha akavuta uzi wa chaki hadi juu, ukaacha mstari wa buluu. Ilibaki kuhakikisha kwa sikio.

Pau la kwanza, ko ko mpaka kileleni. Hivyo hivyo hadi la nne. La tano likajibu hatua moja tu, kisha ngoo. La sita vilevile. Akatoboa tundu jembamba juu ya mstari, akaingiza spoku ya baiskeli. Ikazama yote bila kugusa kitu.

Akateremka, akaingia wodini. Vitanda kumi na viwili, wazazi kumi na saba. Muuguzi wa zamu alimshikia ngazi, naye akasukuma kifuniko cha dari na kupenyeza kichwa na tochi ya simu. Harufu ya mavi ya popo ikampiga usoni. Mapau manne ya upande wa mlangoni yalikuwa mazima. Saba yaliyobaki yalikuwa vipande vya urefu wa mkono, vimepigiliwa ukutani, ncha zikichungulia nje, zimepigwa randa na kupakwa rangi.

"Vipi huko?" muuguzi aliuliza.

"Dada, mmewekewa meno ya bandia."

Msimamizi wa miradi alikuwa kivulini, anakula biskuti kutoka kwenye boksi lililoandikwa "Wodi ya Wazazi".

"Bosi, mapau saba hayapo. Ni vipande vya geresha."

"Yako kumi na moja. Nilihesabu mwenyewe, nikasaini."

"Ulihesabu ukiwa wapi?"

"Hapa hapa. Ulitaka nipande juu kama paka?"

"Ngazi ipo. Panda sasa uone."

"Na suti hii? Sikiliza, mama. Keshokutwa mgeni rasmi anakuja kuwasha taa. Wewe funga, ushuke, uende zako."

"Paa likianguka?"

"Kwani limeshaanguka?" Akajilamba chenga mdomoni, akachukua biskuti nyingine.

Sikio alimtazama ule mdomo. 

"Sifungi."

"Basi teremsha vyombo vyako. Mafundi wamejaa tele."

Saa sita fundi mwingine alikuja na keekee yake ya kutobolea, akapanda juu ya bati. Hakugonga popote.

"Kaka, hapo chini ni hewa!" Sikio alimpigia kelele kutoka chini.

"Dada yangu, hata tumboni mwangu ni hewa," akajibu, akaiwasha keekee.

Sikio akarudi wodini. Vumbi la popo lilikuwa likidondoka kutoka darini juu ya mashuka. Bila kuomba ruhusa, akashika kitanda cha mwisho, akakivuta kuelekea mlangoni. Muuguzi akamtazama, akatazama dari, akashika upande wa pili.

"Jamani, mnatupeleka wapi?" aliuliza mzazi mmoja aliyejifungua usiku uliopita.

"Tunafanya usafi tu," muuguzi akasema.

"Si usafi," Sikio alisema. "Huku hakuna paa, mama. Kuna bati tu."

 Mzazi yule akampa jirani yake mtoto, akashuka polepole, mkono mmoja tumboni, akaanza kusukuma kitanda chake mwenyewe. Wengine wakafuata. Vyuma vilikwaruza sakafu mpaka msimamizi akaja na boksi lake mkononi.

"Nani kawaruhusu kuhamisha vitanda?"

Alikuwa amesimama katikati ya mlango, na kitanda kilikuwa kinakuja.

"Pisha," mzazi akamwambia.