Shuka la NyaJere

Vitumbiko alikuwa mhudumu wa wodi ya upasuaji huko Mzimba, na kazi aliijua. Kazi yenyewe ni macho na mikono: funua shuka, tazama bandeji, shika mkono upime mapigo, ukiona kibaya mwite sista. Alishawafunua hata wake wa machifu bila kupepesa. Lakini mchana ule kitanda cha dirishani kililaliwa na NyaJere, mama mkwe wake, aliyepasuliwa tumbo asubuhi. Na kwao mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, seuze kumfunua.

Kitanda hicho alikiangalia mwenzake, Tiyese. Sasa Tiyese ametumwa maabara.

"Mwangalie mpaka nirudi," alimwambia, akicheka. "Hang'ati!"

Vitumbiko akapiga magoti miguuni pa kitanda, mgongo kaugeuza. NyaJere naye, kwa heshima zake, akajifunika kitenge gubigubi.

"Mama, mnaendeleaje?" aliuliza, kwa wingi wa heshima.

"Salama, baba. Nenda kaangalie wagonjwa."

Mgonjwa ni nani kama si yeye? Lakini Vitumbiko, Mungu amsamehe, alishukuru, akaenda zake. Aliporudi akauliza tena. Sauti ilikuwa imefifia.

"Nasikia baridi tu, baba."

Baridi! Angelisikia neno hilo kwa mgonjwa mwingine yeyote, shuka lingekuwa limeshafunuliwa. Mkono ulimnyanyuka, ukarudi. Sista alikuwa chumba cha pili tu, lakini aibu ikamshika: atamwambia nini, kwamba mtu mzima kashindwa kufunua shuka? Akaleta blanketi, akamtupia juu huku kaangalia ukutani, akaketi kumsubiri Tiyese.

Aliyetangulia kufika ni mkewe, Tawonga, kutoka jiko la wanaouguza, na bakuli la uji mkononi. Akamwita mama yake. Akamwita tena. Akafunua blanketi, kitenge, shuka. Godoro lilikuwa limelowa damu mpaka chini.

Sista alikuja mbio. Hapakuwa tena na la kufanya.

Kupeleka maiti mochwari nako ni kazi ya mhudumu. Vitumbiko akaingiza mikono chini ya mwili wa mama mkwe wake, akamwinua kumweka kwenye machela. Alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani, na bado hajapoa sawasawa. Tawonga alikuwa akiitazama mikono ile. Hakulia.

"Kumbe unaweza kumshika," alisema.