Maji ya Mchele

Moto ulikuwa umeshika vizuri chini ya sufuria kubwa, na Wangui alikuwa akikoroga kwa mwiko wenye urefu wa jembe, Karishma alipoingia jikoni na bahasha mkononi. Jiko lenyewe lilikuwa turubai juu ya nguzo nne, nje kidogo ya Nakuru. Watoto mia mbili wa kambi walilishwa hapo mara tatu kwa siku. Asubuhi uji wa mchele. Mchana mchele na maharagwe, maharagwe yakiwepo. Jioni mchele. Hivyo tangu Januari, watu walipokimbia makwao kwa ghasia za baada ya uchaguzi, na sasa ilikuwa Mei.

Karishma alifanya kazi ya maabara mjini, na kila Jumamosi alikuja kujitolea kupima watoto uzito. Mwezi uliopita aliomba kikombe cha mchele akakipeleka Nairobi kupimwa, maana magunia ya msaada yalikuja bila jina la yalikotoka.

"Mama, majibu ya ule mchele ni mabaya," alisema. "Huu mchele uko na aseniki nyingi."

"Hiyo ni nini?"

"Ni sumu. Iko kwa udongo na maji ya mashamba zingine, na mpunga huivuta kushinda mimea mingi."

Wangui aliacha kukoroga. "Watakufa?"

"Si leo. Inaumiza polepole. Miaka mingi mbele ndio unaona saratani ya ngozi, ya kibofu. Ukikula mara moja moja si mbaya sana. Lakini hawa hawana kitu ingine, na miili yao ni midogo. Nilimpea Ephantus ripoti wiki mbili zimepita, nikidhani atakuambia."

Ephantus ndiye aliyesimamia chakula. Hakuwa amesema neno.

Karishma akamweleza la kufanya: aoshe mchele mpaka maji yatoke safi, aupike kwa maji mengi, kikombe kimoja cha mchele kwa sita vya maji, kisha ayamwage yote. Na wale wachanga wapewe kitu kingine kabisa.

"Kitu gani?"

Karishma alikunja bahasha, akaifunua tena. "Hata viazi, mama."

Shamba la Wangui huko Molo lilikuwa na waru, viazi vya kwao, ambazo hakuna aliyezichimba, na kila asubuhi aliona malori yamepakia waru za wengine yakipita barabara kuu kwenda Nairobi.

Karishma alipokwenda kwenye mizani yake, Wangui alichota maji tangini akaosha mchele wa sufuria ya pili, akachota tena kuongezea ile iliyokuwa motoni, mpaka ikajaa pomoni. Mchele ulipoiva aliita mwenzake washike masikio ya sufuria pamoja. Hapo ndipo Truphosa alipofika na kikombe, mtoto wa miezi mitano mgongoni. Maziwa yake yalikauka nyumba yao ilipochomwa, na maji ya mchele ndiyo yaliyomnyamazisha mtoto.

"Leo hapana, Truphosa. Hii maji iko na sumu."

"Sumu gani? Si ni ile ya jana?"

"Ni ile ya jana."

Truphosa hakuondoa kikombe. Wangui aliinamisha sufuria, na maji meupe mazito yakaenda mtaroni yakitoa mvuke.

"Unamwaga chakula ya mtoto wangu nikiona?" Truphosa alisema. Hakupaza sauti. Aligeuka akaenda zake, na mtoto akaanza kulia.

Sufuria ile ilitosha watoto mia moja. Ya pili haikupikwa, kwa sababu tangi lilikuwa limekauka na lori la maji lingekuja Jumatatu. Ephantus alikuja mbio.

"Mathe, umemaliza maji ya siku mbili!"

"Ripoti uliiona?"

"Niliiona. Nikaituma juu. Huko juu wakasema hakuna chakula ingine. Sasa niwape nini, hewa? Wiki ijayo mnarudi nyumbani, hii mambo itaisha."

"Hata mwezi uliopita ulisema wiki ijayo."

Ephantus alinyoosha mkono. "Nipe mwiko."

Aliupokea, akampa mwanamke mwingine. Mitungi ya maji ya kunywa ikakusanywa kutoka hemani, na mchele ukapikwa kwa maji ya kukadiria, yakaukie humo humo. Truphosa alipewa kikombe chake kabla hayajakauka.

Wangui alikaa mlangoni mwa hema. Mjukuu wake Kui, wa miaka mitatu, ambaye mama yake alikuwa kibarua mashamba ya maua Naivasha, alikuja kutoka kwenye foleni ya sufuria hiyo ya pili akiwa ameshika sahani kwa mikono miwili, akitembea taratibu asimwage.

"Cucu, nimepata nyingi."

Wangui alitazama ndani ya hema. Kulikuwa na chumvi na majani ya chai tu. Alimkalisha mtoto mapajani, akachota kijiko, akakipuliza kipoe.

"Fungua mdomo," alisema.