Mtaro Mbele ya Nyumba ya Mfinyanzi

Jembe lilikwisha kulika makali, na mfinyanzi alilishikilia kwa mikono miwili, akiupiga udongo mkavu mbele ya nyumba yake. Mtaro wa maji ulikuwa umefika pande zote mbili za ua wake, kwani kila kaya ilichimba kipande cha mbele ya mlango wake. Chake peke yake ndicho kilichobaki, kimeota nyasi.

Hakuwa mvivu. Siku ya kugawana kazi walimwambia kwa sauti laini, "Wewe pumzika, mama. Maradhi yako tunayajua." Walimaanisha kifafa. Kwa huruma iyo hiyo walikwisha kumpumzisha na harusi, na mazishi, na kikombe cha kunywea kisimani. Hakuna aliyekumbuka kwamba bomba haliruki mahali pasipochimbwa.

Mwenyekiti wa mradi wa maji alifika akijifuta jasho, na fundi akaliteremsha bunda la bomba la plastiki lililoviringishwa ukingoni.

"Usijitese, mama. Tutalizungusha nyuma kwa jirani. Gari la fundi linaondoka alasiri, halirudi tena."

"Na mimi nitachota wapi?"

"Jirani atakuchotea, inshallah."

"Jirani huniwekea ndoo nje ya ua, kisha hutimua mbio." Aliyasema hayo bila ukali. "Nimepumzishwa mpaka nimesahauliwa, mwenyekiti. Niache nichimbe."

Mwenyekiti akatazama jua.

Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alikuja kusimama ukingoni. Kwa unene wake kijiji kizima kilimwita Ghala, naye aliitika kwa furaha.

"Wifi, hilo jembe au kijiko?"

"Kijiko. Shuka unilishe."

Wakacheka. Kisha Ghala akainama, akashusha sauti. "Kikikujia humo ndani, je?"

"Nishike kichwa kisigonge jiwe. Na usikimbie."

Miaka yote Ghala alitania kutoka upande wa pili wa ua, na kila kifafa kilipomjia mwenzake, alikimbia pamoja na wengine.

Adhuhuri ilipopita, udongo ulikuwa umelegea na mtaro umemfika mfinyanzi magotini, ndipo mikono ilipomwacha. Jembe likaanguka. Akasikia watu waliokusanyika ukingoni wakirudi nyuma, wakipaza sauti, "Msimguse! Msimguse!" kisha hakusikia kitu.

Alipofumbua macho aliona mbingu nyembamba kati ya kingo mbili. Kichwa chake kilikuwa mahali laini, na kiganja kipana kilimfuta povu mdomoni kwa upindo wa nguo, povu ambalo hakuna mtu kijijini aliyewahi kuligusa.

"Wameshalizungusha bomba?" aliuliza.

"Wazungushe nini?" alisema Ghala. "Bomba lao nimelikalia."

Kweli, alikuwa amelivuta bunda zima ndani ya mtaro, akaliketia kama kigoda, huku amempakata wifi yake.

"Ghala, inuka basi!" mwenyekiti alisihi kutoka juu. "Gari linangoja!"

"Na lingoje. Au mje mniinue, mkiweza."

Fundi akageuza uso, akacheka kimyakimya.

"Jembe liko wapi?" mfinyanzi aliuliza.

"Pumzika kwanza, wifi."

Mfinyanzi akamtazama tu. Ghala akaona haya, akanyoosha mkono, akampa mpini. Yeye mwenyewe hakuinuka juu ya bomba.