Miaka Miwili ya Bi Khole

Kiangazi cha mwaka 1999, chuo cha matayarisho cha Nizwa kilibandika ubaoni majina sita ya wanafunzi waliochaguliwa kwenda udaktari moja kwa moja, bila ya kupitia mwaka wa mwanzo wa chuo kikuu. Jina la Hamda lilikuwa la pili. Alilisoma mara tatu, kisha macho yakateremka kwenye maandishi madogo ya chini: mwanafunzi awe hajazidi miaka kumi na tisa. Hamda alikuwa na kumi na minane, lakini paspoti yake ilikuwa na ishirini.

Aliyempa ile miwili ya bure alikuwa bibi yake, Bi Khole, na hakumpa kwa ubaya. Walipohamia Ibra kutoka Unguja mwaka 1986, Ghalia, binti wa ami yake Hamda, alikuwa na miaka saba na neno moja tu la Kiarabu, nalo ni "la". Siku ya kwanza ya shule aliling'ang'ania lango akalia mpaka majirani wakatoka kutazama nani kafa. Alitaka mtu wa kushikana naye mkono, na mtu mwenyewe ni Hamda, mwenye miaka mitano. Vyeti vya kuzaliwa vilikuwa vimesahauliwa Unguja, basi Bi Khole akawachukua wote wawili kwenye kamati ya kukisia umri. Daktari akamfunua Hamda mdomo, akakuta meno ya utoto yamejipanga yote, hata moja halitikisiki.

"Huyu naye saba?"

"Ukoo wetu twachelewa kung'oa," akasema Bi Khole, uso mkavu, na mwanawe Amur, baba yake Ghalia, akatafsiri. Daktari akacheka, akaandika saba.

Waswahili husema njia ya mwongo fupi. Hii ilikwenda miaka kumi na mitatu, na Hamda alikuwa akiikumbuka kwa raha tupu. Alikumbuka yeye na Ghalia wakifuata mfereji wa falaji asubuhi, viatu mkononi, wakitetana Kiswahili ili wenzao wasijue. Alikumbuka kurudi adhuhuri wakakuta mkate wa kumimina umefunikwa kwa kawa. Ghalia alikishika Kiarabu kwa miezi miwili, akapata mashoga wengine, akamwachia mkono. Hamda akabaki mdogo kuliko darasa zima, na kwa kukimbilia kuwafikia wakubwa akajikuta amewapita.

Sasa alipewa wiki moja alete karatasi ya umri iliyosahihishwa. Akishindwa, nafasi inakwenda kwa wa saba, naye anapelekwa ualimu. Kadhi wa Ibra aliweza kusahihisha, ila alitaka shahidi wa uzazi. Mama yake Hamda alifariki mtoto ana miezi minne, kwa hiyo shahidi alikuwa mmoja tu duniani.

"Mama, sema daktari alikosea," Amur akamshauri. "Mwenyewe kesharudi kwao, wala hayamfiki." Bi Khole alikuwa akichagua mchele kwenye ungo, akaendelea kuchagua.

Amur alikuwa na sababu. Bi Khole alikuwa na kazi isiyo na mshahara pale Ibra. Miaka ile ya kuhama, wanawake wa Kizanzibari walinyonyeshana watoto, huyu mgonjwa, yule yuko safarini, na waliokunywa ziwa moja ni ndugu, hawaoani. Kila penye posa watu walimjia Bi Khole, Alhamisi baada ya alasiri, kwenye kahawa na tende, kumuuliza nani alinyonya wapi. Alikuwa anawakumbuka wote. Akishajibu, huweka kanga sawa begani akamaliza kwa maneno yale yale: "Mkiulizwa, semeni Khole kasema." Hapo ama posa imevunjika ama mbuzi anachinjwa, na hakuna aliyekwenda kuuliza pengine.

Mahakamani Bi Khole alisema kwa Kiswahili, Amur akimtafsiria kadhi. Alisema Hamda amezaliwa Shaaban, mwaka themanini na moja. Alisema mwaka themanini na sita alimzidisha miaka miwili kwa makusudi, akijua. Amur akatafsiri. Bi Khole akageuza shingo.

"Amur, mbona nasikia duktur? Mie sikumtaja daktari."

"Mama, nakupunguzia..."

"Usinipunguzie." Akamtazama kadhi, na kwa Kiarabu chake cha msahafuni, ambacho hakuwahi kukitumia kuzungumza na mtu, akasema: "Ana kadhabtu." Mimi nilisema uongo.

Hamda alitamani ardhi imfunike. Kadhi akamwambia Amur kwamba mama yake angemsingizia daktari, kesi ingepelekwa kwenye kamati ya Maskati, miezi sita au zaidi. Lakini mtu hajisingizii fedheha. Kukiri kwake juu ya nafsi yake kumetosha. Akapiga muhuri, na Hamda akaenda udaktari.

Habari za mahakamani hazilali mahakamani. Kabla ya magharibi zilikuwa zimefika mji jirani wa Samad. Msimu ule wa baridi watu wa huko waliposa Ibra, na swali la ziwa wakalipeleka kwa bibi mwengine. Bi Khole aliendelea kutandika mkeka kila Alhamisi na kupanga vikombe. Hamda akija likizo aliviona vile vikombe vikavu.

"Wana haki, mwanangu," Bi Khole alimwambia. "Hata mie nisingejiuliza."

Mwaka 2006 Hamda alirudi Ibra, daktari kamili, kwenye hospitali ya pale pale. Alhamisi ya kwanza alivua koti, akavuka uwanja, akapiga hodi mlangoni kwao kama mgeni. Akaketi upande wa wageni. Akamimina kahawa, akanywa, akatikisa kikombe, ishara ya mgeni kuwa imetosha.

"Shikamoo Bibi. Nimekuja kuuliza."

"Marahaba. Waniuliza mie nini, daktari mzima?"

"Mimi nilizaliwa lini?"

Bi Khole alimgeukia. Macho yalikuwa yameshamfifia, lakini mkono ulijua njia, ukaenda begani ukaiweka kanga sawa.

"Jumatatu, Shaaban, masika yamekwisha, kipupwe ndiyo kinaanza. Mamako alinishika mkono huu hata kucha zikaingia. Lete vidole vyako. Hapa. Wahisi kovu?"

"Nahisi, Bibi."

"Ukalia kabla ya adhana ya alasiri. Huna meno hata moja," akasema, akacheka peke yake. Kisha akakaa wima. "Ukiulizwa, sema Khole kasema."